Amri ya Kupumzika Yamhusu Nani?

Mtoto wa Kianglikana huko Magila akiulizwa amri ya nne ni ipi, atajibu kuwa ni ile ya kuitakasa siku ya kupumzika. Mtoto wa Kilutheri huko Lushoto akiulizwa swali lilo hilo, atajibu kuwa ni ile ya kuwaheshimu baba na mama. Maana kwao, kama kwa Wakatoliki, amri ya kupumzika huhesabiwa ya tatu. Wala hakuna aliyekosa. Amri ni zile zile kumi, ila hesabu ni mbali mbali. Tena Wasabato wa milima ya Upare, ambao misheni yao ilianza mwaka 1903, hushika Jumamosi, na wenzao hushika Jumapili.

Watu hushindana sana juu ya hesabu na juu ya siku, hata wakasahau kuuliza lililo kubwa zaidi: Amri hii yasemwa kwa nani? Someni kitabu cha Kutoka, mlango wa 20. Mtaona ya kuwa mwenye nyumba haambiwi apumzike peke yake. Wametajwa pamoja naye wanawe, watumwa wake wanaume kwa wanawake, mnyama wake wa kazi, hata mgeni akaaye kwake. Na katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 5, sababu yatolewa: Waisraeli walikuwa watumwa Misri, basi wasisahau taabu ya kazi isiyo na kituo. Kwa hiyo amri hii yawaelekea kwanza wale watumao, kabla ya wale watumwao.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda Misri ili kuyajua hayo. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari ya pembe na watumwa, na utumwa haukukomeshwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Ukaja na mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kwa hiyo michache mashamba yakaenea katika nchi ya Tanga. Wafanya kazi wengi walitoka mbali, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alijulikana kwa namba yake. Walifanya kazi ya kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku iliandikwa tu ikiwa kazi aliyopimiwa mtu imekwisha. Mshahara ulilipwa kipande kilipojaa. Mtu wa namna hiyo aweza kupewa Jumapili yake. Lakini atapumzikaje, ikiwa jasho lake la Jumamosi halikuhesabiwa? Hapo amri ya kupumzika yakutana na amri ya kutoiba.

Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye Wakristo wa Magila na Korogwe walikuwa chini ya ulinzi wake, aliyaona mambo haya vema. Mwaka 1916, wakati wa vita, aliwaongoza yeye mwenyewe wapagazi wa Unguja huku bara, akaijua taabu yao. Kisha serikali ya Kenya ilipowaagiza machifu, mwaka 1919, wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, Askofu alitoa kijitabu kikali mwaka 1920 kupinga kazi ya kulazimishwa. Hakusema kwamba hayo ni mambo ya serikali yasiyomhusu mtu wa dini. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, mwaka 1924.

Manamba wa zamani wamekwisha, lakini watumao wapo, nao ni sisi wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaagiza kila juma mfanya kazi apumzike saa 24 kwa uchache. Hata hivyo, ni mara chache sheria kubisha hodi jikoni mwa mtu. Mama wa nyumba aenda kanisani Jumapili na watoto wake, nguo zao zimepigwa pasi vizuri. Aliyezipiga pasi ni msichana wa kazi, aliyeamka kabla ya jogoo, naye amebaki nyuma akichambua mchele wa mchana. Je, siku hiyo imetakaswa, au imehamishwa tu mzigo wake?

Tena yupo yule mgeni aliyetajwa katika amri. Mkristo mwenye kibarua Mwislamu na ampe nafasi ya kwenda msikitini Ijumaa, pasipo kumkata ujira wala kumnung'unikia. Kufanya hivyo si kuacha dini yake, bali ni kuishika.

Basi, Jumapili ijayo, kabla hujatoka kwenda kanisani, mwulize mtumishi wako siku yake ya kupumzika ni ipi. Akikosa la kujibu, ujue kwamba amri hujaishika bado.