Chura Hewani na Ndoto za Alinacha

Alinacha tunamcheka bure. Yule muuza vyombo vya kioo wa Alfu Lela Ulela alijiozesha binti wa waziri kichwani mwake, kisha akalipiga teke tenga la bidhaa. Tangu hapo kila wazo la ajabuajabu huitwa ndoto za Alinacha. Lakini kosa lake halikuwa kuota. Alivunja vyombo kabla ya kuuza hata bilauri moja, yaani ndoto haikupata kujaribiwa. Hapo ndipo mzaha wa mwanasayansi unapoachana na ndoto ya Alinacha. Katika miaka ya 1990, huko Nijmegen, Uholanzi, mwanafizikia Andre Geim alimimina maji ndani ya sumaku ya maabara, mtambo unaotafuna umeme kiasi cha kuwashwa usiku bei iliposhuka. Si jambo la mtu mwenye akili timamu, ungesema. Maji yakaelea hewani kama mipira. Siri yake ni kwamba maji husukumwa na sumaku, ila kwa nguvu hafifu mno tusiyoiona. Ndani ya uga wa sumaku wa tesla 16 hivi, msukumo huo unatosha kuubeba uzito wa maji yenyewe. Kiumbe hai naye ni maji kwa sehemu kubwa, basi akatiwa chura mdogo, akaelea, akatolewa mzima.

Mwaka 2000 kituko hicho kilimpa Geim tuzo ya Ig Nobel, ile ya kuchekesha. Miaka kumi baadaye, yeye na Konstantin Novoselov walipata Nobel yenyewe kwa grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, walioubandua Manchester kwa selotepu kutoka kwenye grafaiti, ndugu ya ile ya penseli.

Mpinzani atasema tunahesabu waliobahatika tu. Ni kweli, na Geim mwenyewe alikiri: katika majaribio kama dazeni mbili ya namna hiyo, kwa miaka 15 hivi, yaliyofua dafu ni matatu. Kwangu huo ni uwiano mzuri ajabu. Na akiuliza kuhusu fedha za umma: selotepu ile hutumika maabara kusafishia uso wa grafaiti, kisha hutupwa. Tabaka jembamba walilolitafuta lilikuwa limenata kwenye vipande vilivyokwisha kutiwa ndoo ya taka.