Turubai juu ya kiwanja cha mwingine

Leo tuongee juu ya jambo linalogombanisha watu hata baada ya mishale na bunduki kunyamaza: mahali pa kulala.

Mnakumbuka wenyewe. Vita vya Watwa na Waluba vilipozidi mwaka 2016, watu walikimbia kutoka Nyunzu, Manono, Kabalo na pande zetu hizi. Wengi walilala kwanza ndani ya vyumba vya shule, kisha wakaingia kambi kama Katanyika na Kalunga. Turubai huzuia mvua kwa muda, lakini jua huipasua, na udongo ulio chini yake una mwenyewe. Ugomvi huanzia hapo.

Sheria inasema nini? Mapatano ya Kampala ya 2009, ambayo nchi yetu imeyakubali, yanadai serikali iwape wakimbizi wa ndani chakula, maji, makao na matibabu bila kukawia. Kifungu cha 11 kinataka mkimbizi achague mwenyewe: kurudi kwao, kubaki alipo, au kuhamia pengine. Kwa hiyo shefu hawezi kuwafukuza watu kwa kusema tu kwamba vita vimekwisha.

Lakini mkimbizi naye hageuki mwenye kiwanja. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya serikali. Sisi tunapata haki ya kuutumia. Kijijini haki hiyo hukaa katika kinywa cha wazee, mara nyingi bila karatasi.

Niliitwa siku moja kusuluhisha. Mzee mmoja alikuwa ametoa shamba kwa huruma, watu wajenge vibanda. Mwaka uliofuata alikuja na panga. Kisa? Migomba. Wageni walikuwa wamepanda migomba na michikichi, na kwa desturi mti wa miaka mingi ni alama ya mwenyeji. Wao walitafuta chakula tu. Yeye aliona ananyang'anywa. Mimi nilikuja na vifungu vyangu vya chuo kikuu, havikusaidia kitu mpaka tulipoketi chini ya mwembe na kuulizana: mlikubaliana nini siku ya kwanza? Hakuna aliyejua.

Basi, kabla ya kusimamisha mti wa kwanza, andikeni. Karatasi ya daftari yatosha. Mipaka ionyeshwe kwa miguu, mbele ya majirani. Muda utajwe. Semeni kama ni ruhusa kulima muhogo na mahindi, na kama miti ya kudumu imekatazwa. Semeni ni nani atabeba matofali na milango siku ya kuondoka. Shefu, mwenye shamba, na wajumbe wa wakimbizi watie sahihi au kidole, Mtwa na Mluba pamoja ikiwa wote wapo. Jina la mke liandikwe kando ya la mume, maana nimeona wajane wakiambiwa kwamba ruhusa ilikufa na marehemu.

Karatasi hiyo haikupi umiliki. Inakupa mashahidi.

Shefu mmoja ameuliza: nafasi ipimwe namna gani? Vipimo vya misaada vinataka mita mraba 3.5 kwa kila mtu ndani ya nyumba. Familia ya watu 6 ipate 21. Acheni mita 2 kati ya vibanda, kwa sababu cheche ya jiko moja inakula mstari mzima, hasa wakati wa kiangazi.

Maswali mengine nitayajibu juma lijalo, saa hii hii.