Je, Wajua? Laptopu Mpya Yaweza Kuja na Matangazo Yake

Je, wajua kwamba kompyuta inaweza kutoka kiwandani ikiwa tayari imebeba programu ya kusukuma matangazo? Mwaka 2014 kampuni ya Lenovo ilianza kuuza baadhi ya laptopu zikiwa na programu ya Superfish, iliyopachika matangazo ndani ya kurasa za intaneti alizofungua mtumiaji. Matangazo yalikuwa kero tu. Hatari yenyewe ilikuwa kwingine. Ili ijipenyeze hata kwenye kurasa salama, programu hiyo iliweka cheti chake cha usalama, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa uleule katika kila mashine. Februari 2015 mtaalamu wa usalama wa kompyuta Robert Graham aliupata ufunguo huo. Nenosiri lililoulinda lilikuwa neno moja: komodia, jina la kampuni iliyotengeneza sehemu ya programu hiyo! Mwenye ufunguo angeweza kughushi tovuti ya benki, na kivinjari kikaiamini.

Kuondoa programu peke yake hakukutosha, maana cheti kilibaki; nacho kilipaswa kufutwa. Kwa hiyo unaposafisha kompyuta usiishie kwenye orodha ya programu, kagua pia vyeti vya usalama na viongezi vya kivinjari. Na unaposakinisha programu ya bure, ondoa tiki kwenye kila nyongeza usiyoiomba.