Kwa Nini Watu Hujifunza Kupiga Ala za Muziki

Siku hizi mtu akitaka kusikia muziki hana haja ya kujitaabisha. Hufungua redio, au hugusa simu, na mara husikia ngoma za kwao na vinanda vya ng'ambo, vimepigwa na mafundi walio hodari kabisa. Lakini mijini na vijijini wako watoto ambao kila siku hukaa saa nzima wakirudia sauti nne tano katika zeze au kinanda, mpaka vidole vyawauma na majirani wamechoka kuwasikia. Kwa nini wajitie taabu hiyo, hali muziki umejaa kila mahali? Swali hili lastahili kujibiwa vizuri, kwa kuwa mwanafunzi asiyejua jibu lake huchoka katika mwezi wa pili, akaitundika ala yake ukutani, asiiguse tena.

Kwanza na tuone sauti ya ala ni kitu gani. Chukua waya mwembamba, uukaze juu ya ubao kati ya misumari miwili, ukitia kijiti chini yake kila upande ili usiguse ubao. Kisha uupige kwa kidole. Utauona ukitetemeka upesi hata macho hayawezi kuufuata. Na mtetemo huo, ukichukuliwa na hewa, ndio ufikao sikioni mwako. Sasa ubane waya katikati kabisa, ukaipige nusu yake. Utasikia sauti ile ile, lakini imepanda juu, kama vile baba na mtoto wake mdogo waimbapo wimbo mmoja. Sababu yake ni kwamba nusu ya waya hutetemeka upesi mara mbili kuliko waya mzima. Sauti ambayo wapigaji wa nchi nyingi huitumia kulinganishia ala zao ina mitetemo 440 kwa sekunde moja. Nusu ya uzi huo huleta mitetemo 880. Tena waya ukikazwa, sauti hupanda; ukilegezwa, hushuka; na uzi mnene hutoa sauti nzito kuliko uzi mwembamba. Mambo haya matatu, yaani urefu, mkazo na unene, ndiyo msingi wa ala zote za nyuzi, tangu zeze la kibuyu hata fidla na piano.

Kuyajua mambo hayo ni kazi ya siku moja. Kuyatia katika vidole na masikio ni kazi ya miaka. Tutazame mfano wa Unguja. Huko hupigwa kinanda kiitwacho kanuni, ambacho asili yake ni nchi za Waarabu na jirani zao. Ni sanduku bapa la mbao, ambalo mpigaji hulipakata mapajani, nalo lina nyuzi zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti. Mpigaji huvaa pete katika vidole vyake viwili vya shahada, na katika kila pete huchomeka kipande chembamba kigumu cha kugusia nyuzi. Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchi ya Misri makusudi ajifunze kinanda hicho. Mwaka 1905 watu wa Unguja wakaunda chama cha Akhwani Safaa, wakaagiza ala kutoka Misri, wakakaa kujifunza. Na mwaka 2001 kilianzishwa mjini humo chuo cha muziki wa nchi za jahazi, ambako wavulana na wasichana wamefundishwa kanuni, udi, fidla na ngoma.

Sasa fikiri jambo hili: nyuzi tatu za sauti moja zisipolingana kabisa, kinanda hulia kama watu watatu wagombanao. Basi mwanafunzi wa kanuni, kabla hajapiga wimbo, sharti azilinganishe nyuzi zote, uzi mmoja mmoja, akizungusha vigingi kidogo kidogo na kutega sikio. Mwanzoni hasikii tofauti. Mwalimu asema, "Bado," naye mwanafunzi aona zimekwisha kulingana. Miezi yapita. Siku moja asikia mwenyewe kwamba bado, kabla mwalimu hajafungua kinywa. Siku hiyo amepata sikio jipya, wala hapana awezaye kumnyang'anya. Atakwenda nalo kila mahali: atasikia yaliyomo katika wimbo wa ndege, katika mlio wa gari, na katika sauti ya mtu asemaye naye.

Wala si sikio peke yake ligeukalo. Mwaka 1995 wataalamu waliwapima watu wapigao ala za nyuzi kama fidla, wakawalinganisha na watu wasiopiga. Mpiga fidla hubana nyuzi kwa vidole vya mkono wa kushoto. Wataalamu wale wakaona ya kuwa sehemu ya ubongo ipokeayo habari za vidole hivyo ilikuwa imekua zaidi kwa wapigaji, na hasa kwa wale walioanza kujifunza wangali watoto. Yaani mtoto anapodhani kwamba anarudia tu jambo lile lile bila faida, mwili wake unajenga ndani, ijapokuwa yeye haoni.

Hii ndiyo sababu furaha ya mpigaji si sawa na furaha ya msikilizaji. Mtu anunuaye mahindi sokoni hushiba, na mtu aliyelima hushiba pia. Lakini yule aliyelima anajua mvua ilichelewa siku ngapi, na nyani walikuja mara ngapi, na kila punje ina habari yake kinywani mwake. Vivyo hivyo aliyejifunza wimbo kwa vidole vyake mwenyewe huusikia kwa ndani. Anajua mahali pake pagumu, na apavukapo salama moyo wake huruka.

Basi hiyo ni furaha ya mtu mmoja. Iko furaha nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo haipatikani ila kwa kupiga pamoja na wenzako. Ili tuielewe, tuvuke bara mpaka Buganda, katika nchi ya Uganda, tukaitazame marimba iitwayo amadinda. Marimba hiyo ina vibao kumi na viwili vya mti mgumu, vimelazwa juu ya mashina mawili ya mgomba. Hupigwa na watu watatu kwa fimbo fupi. Wawili huketi wakielekeana, mmoja upande huu na mmoja upande ule, na wote wawili hupiga vibao vile vile.

Mpigaji wa kwanza huanza, akipiga sauti zake kwa mwendo ulio sawasawa, bila kukaza wala kulegeza. Wa pili huingiza sauti zake katikati ya zile za kwanza, kila moja katika nafasi iliyo wazi, kama meno ya ufunguo yaingiavyo katika kufuli. Akichelewa kidogo tu, fimbo zagongana na wimbo wavunjika. Wa tatu ana vibao viwili tu, vilivyo vidogo kuliko vyote. Kazi yake ni kusikiliza sauti za vibao viwili vikubwa zinapotokea katika mikono ya wenzake, naye huzirudia juu.

Hapo ndipo panapotokea ajabu. Wimbo ambao watu waliosimama karibu wanausikia hakuna mpigaji hata mmoja anayeupiga. Wa kwanza ana nusu yake, wa pili ana nusu yake, na kila nusu ikipigwa peke yake haina maana sana. Zikiunganishwa, sikio hukusanya sauti za juu pamoja na sauti za chini pamoja, likasikia nyimbo mbili tatu zikisemezana. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Waganda waliifanya hekima kama hiyo kuwa marimba. Mtu mwenye kiburi hawezi kupiga amadinda, kwa maana hapewi nafasi ya kuonekana. Mtu asiyewasikiliza wenzake hawezi pia. Lakini wawili wakipatana barabara, kila mmoja huona mikono yake imekuwa minne, na hiyo ni furaha ambayo simu na redio haziwezi kutupa, kwa kuwa redio haikusikilizi wewe.

Zamani wapigaji hodari wa marimba na ngoma na zumari walikaa katika jumba la Kabaka, yaani mfalme wa Waganda, huko Mengo. Nyimbo zao hazikuandikwa. Zilikaa katika mikono yao. Tarehe 24 Mei 1966 askari wa serikali walilishambulia jumba lile. Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, akafa London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilikuwa zimefutwa. Ala nyingi za jumba zikaharibika, na wapigaji wakatawanyika, kila mtu akaenda zake. Hata mwaka 1993 ufalme wa Buganda uliporudishwa, ilikuwa imepita miaka ishirini na saba tangu siku ile ya Mengo.

Miti ya kuchongea vibao haikukosekana, wala migomba haikukosekana. Jambo la hatari lilikuwa hili: ni nani angali anazijua nyimbo? Kwa bahati njema mmoja wa wapigaji wa jumba lile, jina lake Evaristo Muyinda, alikuwa mtu asiyechoka kufundisha. Alipiga ala zake katika Jumba la Makumbusho la Uganda, mjini Kampala, akawafundisha watu wa kwao, na mgeni aliyetaka kujifunza hakumfukuza. Mwaka 1959 alifika kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, akaketi mbele ya marimba kama mtoto wa shule. Baadaye akaziandika nyimbo nyingi za amadinda kwa tarakimu ili zisomwe. Basi nyimbo zile zilipona kwa sababu watu wachache walikubali kuumia vidole wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba siku mbaya inakuja.

Huko Dodoma, katikati ya Tanzania, twaona mfano mwingine, nao ni wa nyumba moja. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo, fundi wa zeze na wa ilimba, yaani marimba ya mkono yenye ndimi za chuma zipigwazo kwa vidole gumba. Alifundisha katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na sauti ya ala zake ikasikiwa Ulaya na kwingineko. Alifariki mwaka 2003. Zamani kwa Wagogo wanawake walishika hasa ngoma ziitwazo muheme, na zeze na ilimba zilikuwa za wanaume. Lakini mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa mkusanyiko wa nyimbo zao, uitwao Maisha, nao hupiga ilimba na zeze pia. Hivyo ala iliyotoka katika mikono ya mzee haikwenda ukutani.

Na sasa, ninyi wanafunzi, labda mwasema, "Sisi hatuna kanuni, wala amadinda, wala mwalimu mashuhuri." Hayo yasiwazuie. Karibu kila kijiji kina mzee mmoja anayejua zeze, au marimba, au filimbi, au mapigo ya ngoma ambayo vijana hawayajui. Mwendeeni kwa adabu, mkamwombe. Chagueni ala moja tu, msirukeruke. Pigeni kidogo kila siku kuliko kupiga sana siku moja na kulala juma zima. Anzeni polepole, mahali panapowashinda parudieni peke yake mpaka pawe pepesi. Mkiisha kuweza, tafuteni mwenzenu wa kupiga naye, kwa maana ndipo masomo yenyewe huanza.

Katika mwezi wa pili mtaona uchovu, na vidole vitauma. Hapo kumbukeni kwamba kila fundi aliyetajwa hapa aliupita mwezi huo. Ala isiyo na mpigaji ni kipande cha mti tu; hungoja ukutani mpaka aje mtu aliye tayari kuishusha na kujifunza.