Papa Wawili wa Kilindini Waliodhaniwa Kuwa Mmoja

Mwaka 1884 Samuel Garman, mtaalamu wa Marekani, alimpa papa mwembamba mwenye umbo la mkunga aliyevuliwa Japani jina la kisayansi la Chlamydoselachus anguineus, na kwa zaidi ya miaka 120 kila papa wa sura hiyo aliyenaswa kilindini, iwe Pasifiki au Atlantiki, alihesabiwa kuwa wa spishi hiyo hiyo. Mwaka 2009 David Ebert na Leonard Compagno walionyesha kwamba wale wa bahari ya Angola na Namibia ni spishi nyingine, wakaiita Chlamydoselachus africana.

Si ajabu kwamba walichanganywa, kwani kwa macho tu hufanana mno. Wote wana jozi sita za mianya ya matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, ilhali papa wengi wana tano; tena mwanya wa kwanza huungana chini ya koo, na ngozi yake yenye kingo zilizochanika humzunguka samaki shingoni kama ukosi uliotariziwa. Kila jino lina ncha tatu kali zilizopinda kuelekea kooni, hata ngisi akishanaswa, kila anapofurukuta huzidi kuingia ndani.

Tofauti zenyewe hudhihirika kwa rula na eksirei. Papa wa Afrika ana kichwa kirefu zaidi na mianya mifupi zaidi ya matamvua kwa kulinganisha na mwili wake, na pingili za uti wa mgongo wake ni 147 hivi, wakati mwenzake ana kati ya 160 na 171. Hesabu hiyo ndiyo ushahidi mzito kuliko yote, maana pingili haziongezeki samaki anapokua, kwa hiyo haiwezekani kudai kwamba huyu ni mtoto wa yule.

Vimo navyo vimepishana: anguineus hukaribia mita 2, ilhali africana waliopimwa hawakuzidi sentimita 120 hivi. Kwa sababu hiyo makadirio yaliyopatikana katika Ghuba ya Suruga, Japani, kwamba mimba huenda ikachukua miaka 3 na nusu, na kwamba jike huzaa wastani wa watoto 6, ni ya anguineus peke yake. Kuyatumia kumpangia ulinzi papa wa Afrika, ambaye huwahi kukomaa akiwa mdogo zaidi na hunaswa katika nyavu za kukokota zilizokusudiwa samaki wengine, ni kumhukumu kwa vipimo visivyo vyake.