Gemu za Netflix: Umeshalipa, Usilipe Tena
Ukitoka tao na matatu ya Kangemi au Kawangware ikwame kwenye jam, simu ndiyo hupitisha wakati. Netflix, tuliyoizoea kwa filamu, iliingia kwenye gemu za simu Novemba 2021. Ukishalipia kifurushi cha mwezi, gemu zake zimo humo humo: hakuna matangazo, hakuna cha kununua ndani. Kwa hivyo ukipata SMS ikidai utume pesa ndio gemu ifunguke, huo ni utapeli. Usitume.

Gemu nyingine nyingi ni bure kupakua, lakini huuza sarafu na silaha ndani, na salio huisha polepole. Kabla ya kumpa mtoto simu, hakikisha hajui PIN yako. Ombi la malipo likitokea, soma kwanza jina na kiasi, halafu ndio uweke PIN.