Mwisho wa Reli kwa Mfuko Mwepesi

Mtu wa Mombasa anayetaka kuuona Ujiji, mji wa kale kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na Kigoma, hahitaji pesa nyingi. Anahitaji siku nyingi. Basi la Dar es Salaam linapitia Lunga Lunga na Tanga. Mpakani Mkenya hadaiwi viza, ila beba pasi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usije ukarudishwa nyuma na kikaratasi. Kutoka Dar hadi Kigoma kuna reli ya kilomita 1,250 hivi, na treni ya kawaida huimaliza kwa siku mbili ikiwa na bahati. Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kwa saa chache tu, kwa hiyo wapo wanaopanda hiyo kwanza, kisha wakamalizia kwa basi. Mimi nasema panda ya zamani. Daraja la tatu ni rahisi mno, lakini mgongo ndio utakaolipia. Ukiweza, ongeza kidogo ulale daraja la pili. Chakula kitakufuata dirishani: Saranda watakuletea kuku wa kuchoma, Tabora asali. Uvinza ndiyo nchi ya chumvi, iliyokuwa ikichemshwa pale na kuuzwa mbali kabla msafara wowote wa pwani haujafika.

Stesheni ya Kigoma waliijenga Wajerumani, na reli yao ilifika ziwani 1914. Ujiji ulikuwa tayari mji mkubwa wakati huo, ila ufuko wake una maji mafupi, meli kubwa haisogei. Ghuba ya Kigoma ina kina. Basi bandari ikawekwa Kigoma, ofisi zikawekwa Kigoma, na Ujiji ukaachwa kilomita nane kusini ukiwa na miembe yake na misikiti yake. Hasara ya Ujiji imekuwa faida ya mgeni, kwa kuwa mji uliopitwa na biashara haubomolewi kwa pupa.

Malazi tafuta Mwanga, mjini Kigoma, juu ya Barabara ya Lumumba, kwenye gesti za kawaida karibu na soko. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: maji yanatoka saa ngapi, na chandarua kina matundu? Malaria ya ukanda wa ziwa haina mzaha. Hoteli za juu ya kilima zina mandhari nzuri, lakini mandhari hiyohiyo unaipata bure ukishuka ufukweni Katonga jioni.

Daladala za Ujiji zinajaa muda wote na nauli yake haimtishi mtu. Wageni wengi hushuka, huulizia jumba la makumbusho, hupiga picha na kuondoka kabla ya adhuhuri. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, Novemba 1871, chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Iliyopo ni miche ya ukoo wake. Kuna mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika, na ndani ya jumba sanamu mbili za wazungu wakiamkiana kwa kofia, zimetengenezwa kwa namna ambayo watoto wa shule hucheka wakitoka. Usishangae kuona ziwa liko mbali na mahali penyewe. Miaka ile maji yalikuwa juu. Karibu 1878 yakabomoa njia kwenye mto Lukuga, upande wa Kongo, ziwa likashuka. Miaka ya karibuni limepanda tena, likazamisha nyumba na gati za ufukweni.

Muulize mwongozaji habari za Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Susi ndiye aliyetoka mbio kumlaki Stanley siku ile, na wawili hao ndio waliokuwa mbele ya kundi lililoibeba maiti ya Livingstone mpaka Bagamoyo, ikafika mapema 1874. Muulize pia habari za Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyeongoza misafara, aliyefika Ujiji na Burton na Speke Februari 1858, kisha akarudi na Stanley. Wazungu walikuja na kuondoka, Bombay akaja na zaidi ya msafara mmoja, lakini sanamu hana.

Baada ya hapo achana na makumbusho, utembee. Kasingirima, Rusimbi, Kitongoni: nyumba za udongo na mabati yaliyoshika kutu, baraza mbele, wazee na bao. Mtu wa pwani atajihisi yuko nyumbani, na kwa lugha yake atafunguliwa milango ambayo mtalii mwenye dola hafunguliwi. Nilimwamkia mzee mmoja barazani, “Shikamoo, mzee wangu.” Akaitikia marahaba, akasogea nikae, akauliza watu wa Mombasa bado wanapika kwa nazi. Nilipokubali akasikitika kidogo: “Sisi mawese.”

Ila tusijivune sana kwa udugu huo. Mwinyi Kheri na baadaye Rumaliza walioutawala mji huu walikuwa watu wa upande wetu, na pembe nyingi za ndovu zilizopita hapa zilibebwa na watu waliotekwa Manyema, ng’ambo ya ziwa. Wajukuu wa Wamanyema hao ni sehemu kubwa ya Ujiji wa leo. Ukikaa nao, nyamaza usikilize.

Kuhusu chakula, Kibirizi, mwalo wa wavuvi karibu na Kigoma, ndiko kwa kwenda alfajiri. Wavuvi hutoka usiku na taa, zamani karabai, sasa za betri; dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikikolea kazi hulala. Asubuhi akina mama humwaga dagaa kwenye chanja za wavu, hupita wakiwageuza kwa mikono, wakitoa vijiti na makombe ya konokono, huku kunguru wakifukuzwa kwa kanga. Hewa ni nzito kwa harufu ya dagaa, na wiki ya pili utakuwa umeizoea. Dagaa wakavu hupimwa kwa kisado. Beba mfuko wa nailoni mara mbili. Kwa mama lishe agiza mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo: samaki mwembamba, mchuzi mwekundu unaoacha rangi vidoleni. Angalia kalenda, maana mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukija katika kipindi kama hicho utakula maharage.

Kibirizi pia kuna boti za abiria zinazokwenda kaskazini kupita Gombe, alikofika Jane Goodall Julai 1960 kuchunguza sokwe. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kuliko Mzungu, lakini kuna malipo ya mwongozaji na ya kulala, na boti haina ratiba ya kuapiwa. Meli ya Liemba, iliyozinduliwa hapa 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 kisha Waingereza wakaiibua, usiipangie safari kabla ya kuulizia bandarini.

Tiketi ya treni ya kurudi nunua siku unayofika, si siku unayoondoka, na Dar usiweke miadi yoyote ya asubuhi.